Kanga za Jetpur na mogo wa Ba: siku kumi India

Siku ya 1, Mumbai

Nimetua alfajiri macho mekundu, ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, nimekaa katikati ya mzee anaeenda kutibiwa moyo na kijana anaeenda kusoma Pune. Mi peke yangu naenda kutafuta kanga. Mwaka wa kumi na moja huu nauza kanga na vitenge Kariakoo, mzigo nachukua kwa wakala, mteja akiuliza zinatoka wapi nasema "India" kama vile India ni mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Safari hii nikasema hapana, naenda mwenyewe mpaka zinapochapwa.

Niseme ukweli, kichwani nilikuja na India ya kwenye mikanda ya video ya utotoni Tanga, sari, maua shingoni, mama mkwe analia. Kijana wa wakala kanipokea na suruali ya jinzi na fulana ya timu ya Uingereza, nikaunganisha viganja nikasema namaste kwa adabu zote, akacheka akanipa mkono.

Mchana akanipeleka Lower Parel. Mall kubwa, baridi kama friza, akaniambia hapa palikuwa kiwanda cha nguo. Mtaa mzima huo ulikuwa viwanda vya nguo, mpaka 1982 wafanyakazi kama laki mbili na nusu wakagoma wakiongozwa na Datta Samant, mgomo ukaburuzwa zaidi ya mwaka, viwanda vingi havikuinuka tena. (Laki hii hii tunayohesabia sisi, neno lao, kama bima na gari.) Sasa pale pale zilipofumwa nguo zinauzwa nguo za kampuni za Ulaya, na anaezifunga kwenye mfuko huenda babu yake ndo alikuwa anaendesha mashine. Nilisimama nikaangalia sana hiyo kitu, kwa biashara yangu ilinigusa.

Jioni tukala McDonald's, kijana ndo kataka, mi nilitaka wali. Baga ya kiazi chenye bizari! Ng'ombe hawapiki kabisa, tangu walipoingia India 1996 hawajauza nyama ya ng'ombe, na jiko la wasiokula nyama limetengwa. Nikajiuliza hapa nani kambadilisha nani, afu nikala ya pili.

Siku ya 2, treni kwenda Ahmedabad

Masaa kama sita. Siti ya mbele bibi, mama na mtoto wa miaka sita hivi. Bibi anaongea Kigujarati, mama anajibu Kigujarati, akimgeukia mtoto anageuza Kiingereza: kaa vizuri, usimwage, sema asante. Bibi akitaka kumwambia mjukuu kitu anamwambia mama, mama anamtafsiria. Familia moja, siti tatu, na mkalimani katikati. Sikucheka maana dada yangu Mbezi anafanya hivo hivo, mtoto yuko inglishi midiamu, bibi yake akipiga simu kutoka Tanga mtoto anakimbia chumbani.

Wenyewe wanasema hii imeanza mbali, Macaulay na waraka wake wa 1835, Mwingereza aliyetaka itengenezwe tabaka ya Wahindi kwa damu na rangi lakini Waingereza kwa ladha na akili. Sawa, ila Macaulay kafa zamani. Yule mama wa kwenye treni hajalazimishwa na mtu, anajua kazi za kompyuta zinataka Kiingereza, na tangu 1991 Manmohan Singh akiwa waziri wa fedha walipofungua uchumi, kazi zenye hela zimekuwa upande huo. Mama anampigia hesabu mwanae. Na bibi nae kwenye hesabu hiyo ni gharama, ndo hivo.

Saa ya chakula wakafungua kopo wakatoa thepla, mikate myembamba ya majani ya uwatu, wakanipa tatu bila kuniuliza. Hapo wote watatu wakanyamaza wakala kwa mkono.

Ahmedabad nimefikia kwa Ba. Ba ni mama kwa Kigujarati, bibi pia wanamwita hivo. Ni shangazi wa mtu ninaefanya nae biashara Dar, kazaliwa Tanga, na 1971 serikali ilipochukua majumba mumewe akafunga duka la vitambaa wakarudi huku, kama kurudi ni neno, maana India alikuwa hajawahi kuiona. Nimeingia mlangoni nikasema shikamoo. Yule bibi wa miaka themanini na kitu kasimama, kanikazia macho, akajibu "Marahaba mwanangu, habari za Tanga?" kwa Kiswahili cha Ngamiani kabisa, cha zamani, kisicho na "poa" wala "fresh". Nikalia kidogo. Jamani, hata mama yangu haongei hivo tena.

Nimempa doti ya kanga ya pamba na korosho. Korosho kaweka pembeni. Kanga kaitandaza kitandani, akasoma jina kwa sauti, "Japo sipati tamaa sikati", akacheka mpaka akakaa.

Siku ya 3, Ahmedabad

Mji wa zamani wana mitaa inaitwa pol, vichochoro vyenye geti, kila pol ilikuwa ya ukoo au ya kazi moja, nyumba za mbao zimechongwa nguzo mpaka unaona huruma. Katikati ya uwanja kuna mnara mdogo wa kulishia ndege, chabutro. Mji ulianzishwa na Sultani Ahmed Shah 1411 na UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia 2017. Sasa nikahesabu kufuli. Kwenye kichochoro kimoja nyumba tisa, kufuli nne. Wenyewe wamehamia maghorofa ng'ambo ya mto Sabarmati, kule kuna lifti na pa kuweka gari. Nguzo zingine zimeng'olewa zikauzwa kwa wauza vitu vya kale, zinaenda kuwa meza kwenye hoteli.

Nilitaka kusikitika ila mjukuu wa Ba, binti wa miaka ishirini na mbili anaefanya kazi ya kompyuta, ndo alikuwa ananitembeza, akaniuliza, "Aunti, wewe ungekaa hapa? Ngazi hizi, maji ya zamu, na kila jirani anajua umerudi saa ngapi?" Nikakumbuka nyumba yetu ya Tanga na macho ya majirani. Sikumjibu.

Tukaenda Sabarmati Ashram, alipoishi Gandhi 1917 mpaka 1930, siku alipotoka kwa miguu kwenda kuchota chumvi Dandi, kilomita kama 390. Chumba chake kitupu, mkeka na gurudumu la kusokotea uzi. Alitaka kila mtu asokote uzi wake avae khadi, nguo ya kufumwa kwa mkono, na 1921 pale Bombay (ndo Mumbai ya leo) waliwasha moto mkubwa wa nguo za Uingereza. Nje ya hapo nikaulizia bei ya khadi dukani. Ghali! Shati la khadi ni la mwenye hela, dereva wa bajaji aliyetuleta kavaa poliesta. Nguo ya maskini imekuwa nguo ya kuonyesha una msimamo.

Halafu chai. Muuza chai wa pembeni ya barabara anatia kwenye kikombe cha udongo, ukimaliza unakivunja, na juu ya jiko kabandika karatasi ya kuskani ulipe kwa simu. Ule mfumo wa malipo wameutengeneza wenyewe Wahindi, upo tangu 2016. Nikamwambia binti sisi M-Pesa ilianza Kenya 2007, akashangaa, nikafurahi mno kwa jambo ambalo sikulifanya mimi.

Siku ya 4, usiku wa garba

Ni Navratri, usiku tisa za mungu mke. Ba anafunga, na kufunga kwao sio kama kwetu, hali nafaka ila viazi na mizizi anakula. Basi jioni kakaanga mogo. Mogo! Muhogo, unatoka Kerala umegandishwa, kaupaka pilipili na ndimu. Majirani zake hawali hivo, hii ni ya Tanga, lakini wajukuu wake wanajua ni chakula cha mfungo cha kwao tangu enzi. Anaita kisu "kisu" na ufagio "fagio", watoto walikua wakidhani ni Kigujarati.

Garba yenyewe ni ngoma ya duara. Ba anasema walikuwa wanaweka chungu chenye matundu na taa ndani, wanawake wanazunguka wanaimba wenyewe, mikono yao ndo ngoma. Huku mjini sasa ni uwanja wa kukodi, unakata tiketi, kuna jukwaa, taa za LED, waimbaji wa kulipwa, mabango ya wadhamini na kina dada wameshona blauzi mgongo wazi. UNESCO waliiweka garba kwenye orodha yao mwisho wa 2023. Nimeenda na mjukuu. Watu elfu kadhaa wanazunguka, makofi yanaanguka pamoja kama mvua ya mabati, vijana kwa wazee, saa tano usiku na hakuna hata mlevi mmoja, Gujarat pombe imepigwa marufuku tangu jimbo lizaliwe 1960. Nikacheza, nikapotea hatua, wakanivuta.

Nimerudi namwambia Ba ilikuwa nzuri sana. Akaniuliza swali moja tu: "Nani aliimba?"

Siku ya 5, Bhuj na Bhujodi

Treni ya usiku, nimelala kitanda cha juu kama sanduku. Huku ndo Kachi, Wakachi wetu wa pwani wote asili yao hapa. Mji wa Bhuj ulivunjwa na tetemeko la 26 Januari 2001, siku ya sikukuu ya jamhuri, watu maelfu wakafa. Sehemu kubwa ya mji unaouona ni mpya.

Bhujodi ni kijiji cha wafumaji. Nimekaa na mzee mmoja kwenye shimo la mashine yake, mashine ya mkono miguu inaingia chini. Zamani mteja wake alikuwa jirani. Mfugaji wa Kirabari analeta sufu, yeye anafuma blanketi na shela, mkulima anatoa nafaka, hela haikuhusika sana. Ikaja nguo ya kiwandani, nyepesi, rahisi, haifui kwa shida, jirani akahamia huko. Mzee hakumlaumu, alisema, "Hata mimi nimevaa ya kiwandani," na kweli.

Baada ya tetemeko serikali ikasamehe kodi kwa viwanda vitakavyokuja Kachi, vikaja vingi, vijana wakaacha kufuma wakaenda kwenye mshahara. Waliobaki wanafumia Delhi, Mumbai, London. Kuna hata pamba ya kienyeji ya hapa, kala, inayoota kwa mvua tu, ilikuwa imeachwa ikafufuliwa kwa ajili ya wateja hao. Shela alilonionyesha lilikuwa rupia elfu tatu na mia tano. Nikamuuliza Mrabari akija kununua? Akacheka kidogo. Haji.

Siku ya 6, Ajrakhpur, na habari ya Warabari

Ajrakh nikiielezea nitajaza ukurasa. Kitambaa kinafuliwa, kinalowekwa, kinagongwa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, chokaa na gundi kuzuia rangi, nili, mzizi wa rangi nyekundu, tena kufua, hatua kumi na kitu, wiki mbili tatu. Kijiji chenyewe ni kipya, mafundi wa ukoo wa Khatri walihama Dhamadka baada ya tetemeko kwa sababu maji yaliharibika, na rangi za asili bila maji mazuri hakuna kitu. Na hata hizo rangi za asili waliwahi kuziacha! Rangi za kemikali zilipoingia kila mtu akakimbilia huko, miaka ya sabini ndo Mohammad Siddik Khatri akarudisha za zamani akawafundisha wanae. Kwa hiyo "ya mababu" ninayoiona leo iliwahi kufa ikafufuka. Sokoni Bhuj kuna ajrakh ya kuchapwa kwa skrini, bei sehemu ya kumi. Nimenunua mita mbili za kweli na tano za uongo. Ndiyo, mi ni mfanyabiashara.

Jioni mwenyeji kanipeleka kwa mama mmoja wa Kirabari, mikono imechanjwa nakshi mpaka viwiko, shela jeusi kichwani. Nilienda na wimbo wangu wa mjini kwamba mambo ya Kizungu yamewaua tarizi zao. Akanisahihisha. Tarizi zilipigwa marufuku na wazee wao wenyewe, miaka ya tisini. Kwao, ukoo wa Dhebaria, binti alikuwa haendi kwa mume mpaka amalize rundo la nguo za kutarizi za mahari (kwao mahari inatoka kwa binti), familia za waume zinazidisha madai, mabinti wanafika thelathini bado wanashona, ndoa zinaoza. Wazee wakakaa wakasema basi, anaevaa tarizi anatozwa faini. Nikamuuliza ulihuzunika? Mkalimani akatafsiri, mama akaangalia mikono yake. "Macho yangu yalipumzika," akasema. Halafu akanionyesha blauzi ya binti yake, imejaa riboni na lesi za dukani zilizoshonwa kwa cherehani, zinameta, rangi zinapiga kelele, kumbe walipokatazwa uzi wakabuni fasheni nyingine humo humo kwenye marufuku. Nzuri kweli. Mi ningeuza ile Kariakoo ndani ya siku moja.

Nimelala nikiwa sina wimbo.

Siku ya 7, Mandvi

Fupi leo, tumbo. Dabeli, mkate na kiazi chenye utamu na pilipili, asili yake hapa hapa, nilikula tatu ndo maana. Mto Rukmavati bado wanajenga majahazi ya mbao, makubwa kama ghorofa, yanapigwa misumari kwa mkono. Kutoka pwani hii walitoka Wakachi waliojaza Zanzibar, hadi kodi ya forodha ya Sultani ilikuwa mikononi mwa kina Jairam Shivji. Fundi mmoja kasema wanayojenga siku hizi yanafungwa injini. Upepo wa kaskazi hausubiriwi tena na mtu.

Siku ya 8, Jetpur

Basi kutwa nzima jana kwa leo. Jetpur hakuna mtalii, asante Mungu. Mto Bhadar pale una rangi, na harufu, watu wa viwanda vya kuchapa wanajua, serikali inajua, kesi zimeshafika mahakamani. Na kwenye nyaya, juu ya mapaa, uwanja mzima, kanga zangu. Vitenge vyangu. Zinakauka kwa mita mia. Mimi mtu mzima nilipiga kelele.

Fundi mkuu wa skrini amechapa kanga miaka thelathini na hajui neno la Kiswahili. Maneno yanaletwa kwenye karatasi, wanachora. Nikamkuta anapanga "Mcheza kwao hutuza", nikamwonyesha kuna W imepotea, hutuzwa. Akaniuliza inasemaje. Nikamwelezea kwa mkalimani, anaecheza nyumbani kwao ndo anatuzwa. Akafikiri. Akauliza, "Na anaecheza kwa wengine?" Nikamwambia hiyo hatujaandika.

Tukaingia kwenye bei. Pamba hii, poliesta hii. Ningependa niandike kwamba baada ya yote niliyoyaona Bhujodi nilichagua pamba. Nimeagiza bale nane za poliesta na mbili za pamba. Mteja wangu ana elfu kumi mkononi, harusi tatu mwezi huu, na anataka sare. Namjua kwa jina.

Siku ya 9, Jambur

Kijiji karibu na msitu wa Gir wenye simba, wakazi ni Wasidi, weusi kama mimi, mababu walitoka Afrika karne nyingi zilizopita. Wanaongea Kigujarati tu. Mzee kanikaribisha kwenye kaburi la walii wao Nagarchi Pir, nikamuuliza ngoma yao inaitwaje. "Goma." Nikamwambia rudia. "Goma."

Vijana wakacheza, na ile ya kupigwa yenye miguu inaitwa mugarman, wanarusha nazi juu wanaipasua kwa kichwa. Hiyo ya nazi watalii wa simba wanaipenda, mahoteli yanawaita usiku wanalipwa wanavishwa majani kiunoni. Mzee anasema majani hayo hawakuwahi kuvaa, hoteli ndo wametaka. Lakini siku ya walii, akasema, hawavai majani, wanacheza mpaka asubuhi na hakuna anaelipwa. Akanyoosha kidole kwenye kaburi. "Ile huwezi kuikuta hotelini."

Siku ya 10, Ahmedabad tena

Nimerudi kwa Ba kuchukua begi kubwa. Usiku wa mwisho wa garba umeshapita, mjukuu kalala kutwa nzima miguu imevimba. Ba nimemkuta kwenye kochi kajifunga ile kanga yangu juu ya sari, anamenya njugu, nae anaita jugu.

Nikamtolea sampuli za Jetpur nimuonyeshe. Akaweka njugu chini, akafuta mikono, akashika pindo katikati ya vidole viwili akasugua polepole, mke wa muuza vitambaa huyo.

"Hii si pamba."

"Si pamba, Ba. Soko ndo linataka."

"Bwana wangu asingeuza hii." Akaigeuza upande wa pili, akaivuta, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Nikasubiri nisemwe. "Inakauka upesi lakini?"

"Upesi sana, Ba."

"Basi niachie moja. Ya jikoni."